Uzi maalumu: Vikombe vyenye maua ya vitabu vya kale, na kwa nini jina la ua lisikatwe

MwanaVyombo (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Uzi huu ni wa wapenda vyombo, hasa mtindo huu uliorudi kwa kasi madukani na mitandaoni: kikombe cheupe cha udongo chenye ua moja kubwa la kitabuni, majani yake, pengine kipepeo pembeni, na maandishi membamba chini. Wauzaji wanauita "maua ya kizamani". Mimi nauza vyombo vya aina hii na kuvikusanya, na kuna jambo linaniuma. Wachapaji wengi wa sasa wanachukua mchoro wa kitabu, wanakata jina la ua, wanafuta tunda na mbegu zilizochorwa chini yake, halafu wanabaki na pambo lisilo na mwenyewe. Leo nieleze michoro ile ilitoka wapi, ilifikaje kwenye udongo, na kwa nini nashikilia kwamba jina ni sehemu ya kazi.

Tuanze na kikombe ambacho wengine mmeshakutana nacho hata kwenye vyombo vya mtumba. Ukigeuza kitako unasoma Portmeirion, na chini yake Botanic Garden. Ukingoni kuna majani ya kijani yaliyopangwa matatumatatu kuzunguka, katikati ua, na wadudu wadogo wametawanyika huku na kule. Aliyebuni ni mama mmoja, Susan Williams-Ellis, binti wa Clough Williams-Ellis, yule msanifu majengo aliyejenga kijiji cha Portmeirion kule Wales. Mwaka 1960 Susan na mumewe, Euan Cooper-Willis, walinunua karakana ya A. E. Gray mjini Stoke-on-Trent, Uingereza. Karakana ile ilikuwa ya kupamba tu, haifinyangi chombo hata kimoja. Mwaka uliofuata wakanunua na kiwanda cha Kirkhams, na kuanzia hapo wakawa wanatengeneza chombo wenyewe, toka udongo hadi pambo.

Botanic Garden ilitoka mwaka 1972. Susan alikuwa amepata vitabu vya kale vya mimea, kikiwemo The Universal Herbal cha Thomas Green, cha mwanzoni mwa karne ya 19. Ni kamusi ya mimea, tiba na kilimo yenye picha zilizopakwa rangi kwa mkono. Alichofanya baadaye kilikwenda kinyume na mazoea ya biashara ya vyombo. Wakati ule seti ilikuwa seti: sahani sita, vikombe sita, vyote sura moja. Yeye akatoa seti ambayo kila chombo kina ua lake, na chini ya ua jina lake la Kilatini na la Kiingereza. Kikombe hiki kina ua la pasheni, kile kina tunda la jamii ya limau, sahani ile ina ua la "African Daisy" lililotoka bara letu. Mpaka leo mtindo ule unauzwa, na nadhani nguvu yake iko hapo: mtu anakunywa chai huku anasoma mmea.

Sasa turudi nyuma zaidi. Michoro hii haikuchorwa iwe pambo. Mwaka 1753 Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, alitoa kitabu cha Species Plantarum, na kila mmea ukawa na jina la maneno mawili. Mtaalamu wa London alipotaka kuwa na hakika kwamba mmea alio nao ndio ule wa mwenzake wa Uppsala, Sweden, alihitaji picha asiyoweza kuibishia. Ndiyo maana mandhari ni meupe, hakuna bustani wala anga nyuma. Ndiyo maana chini ya ua utaona tunda limepasuliwa, mbegu moja moja, stameni (sehemu ya kiume ya ua) imetolewa peke yake. Mchoraji alikuwa anatoa ushahidi. Anayefuta mbegu ili ua "litulie" kwenye kikombe anafuta ushahidi huo.

Na hawa wachoraji walikuwa watu wenye maisha. Elizabeth Blackwell, mwanamke wa Uingereza, alichora A Curious Herbal kati ya mwaka 1737 na 1739. Mumewe alikuwa gerezani kwa madeni. Elizabeth akahamia karibu na bustani ya mitishamba ya Chelsea, akawa anachora mimea ikiwa hai, anachonga mabamba ya shaba mwenyewe, anapaka rangi mwenyewe, na kuuza kurasa kidogokidogo kila wiki. Mabamba 500 yalikamilika, na fedha ile ikamtoa mume. Leo ukitafuta "maua ya kizamani" mtandaoni, kazi zake zipo kwenye vikombe kibao, na jina lake halipo hata kitakoni.

Pierre-Joseph Redouté wengi mnamjua bila kujua mnamjua. Yale mawaridi ya rangi laini, yenye petali zinazoonekana kama zina unyevu, mengi ni yake, kutoka Les Roses, kitabu kilichotoka Paris kati ya 1817 na 1824. Alimchorea Malkia Joséphine, mke wa Napoleon.

Kuhusu ua kuhama toka kitabuni kwenda kwenye udongo, mfano mkubwa ni Flora Danica ya Denmark. Kitabu kilianza mwaka 1761 chini ya Georg Christian Oeder, kikalenga mimea yote ya ufalme, na kikakamilika mwaka 1883. Mwaka 1790 kiwanda cha kaure cha Copenhagen kikapewa kazi ya kunakili michoro hiyo kwenye vyombo vya meza ya kifalme, inasemekana kama zawadi kwa Catherine, malkia wa Urusi. Catherine alifariki mwaka 1796 kazi haijaisha. Mchoraji Johann Christoph Bayer aliendelea, na ilipofika 1802 vyombo vilikuwa vimepita 1,800. Geuza sahani yoyote ya Flora Danica: nyuma kuna jina la Kilatini la mmea. Meza ya mfalme, na jina halikukatwa.

Na sisi je? Hapa ndipo nilipotaka kufika.

Kuna jarida la Uingereza linaitwa Curtis's Botanical Magazine, lilianzishwa na William Curtis mwaka 1787 na linatoka mpaka leo. Picha zake zilipakwa rangi kwa mkono, nakala kwa nakala, hadi mwaka 1948. Mwaka 1882 lilitoa picha ya ua lililopewa jina Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Mmea ulipelekwa na John Kirk, aliyekuwa konseli (balozi mdogo) wa Uingereza pale Unguja. Siku hizi wataalamu wanauita Impatiens walleriana, na ni miongoni mwa maua ya vyungu yanayouzwa zaidi duniani. Shina lake limejaa maji, petali tano bapa, na nyuma ya ua kuna mkia mwembamba uliopinda unaobeba asali. Kwetu unaota mwenyewe kwenye kivuli chenye unyevu.

Mwaka 1895 jarida hilohilo likatoa picha ya ua la Usambara, lile dogo la zambarau ambalo Waingereza wanaliita African violet. Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alilipeleka kwao, likamfikia Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen, Hannover, naye mwaka 1893 akalipa jina Saintpaulia ionantha. Miaka hiyo michoro mingi ya jarida ilitoka mkononi mwa Matilda Smith, mwanamke aliyelichorea kwa zaidi ya miaka 40. Tangu mwaka 2015 ua hili limewekwa kwenye jenasi (kundi la mimea ya ukoo mmoja) ya Streptocarpus, lakini kwenye picha zote za kale utakuta jina la familia ya yule mkuu wa wilaya.

Kwa hiyo vijana wenye mashine za kuchapa vikombe Kariakoo, Arusha, Mombasa, Nairobi: mnachapa waridi la Joséphine na ua la mlimani kwenu limekaa kwenye picha nzuri ajabu, bure, miaka zaidi ya 100. Lichapeni. Lichapeni na jina lake, na mahali linakoota.

Nakaribisha michango na maswali.

Dada_wa_Mbeya

Asante mleta uzi, umenifungua macho. Nina swali. Nilinunua vikombe vinne vya maua mtandaoni, vizuri kweli. Viwili maua yamepauka na kimoja kimechunika karibu na mpini. Muuzaji aliniambia ni "udongo original". Nimeibiwa?

MwanaVyombo

Dada, pole sana. Udongo wenyewe unaweza kuwa wa kweli kabisa. Tatizo ni jinsi picha ilivyowekwa. Kuna njia mbili kubwa sokoni na watu wengi hawaelezwi tofauti.

Njia ya kiwandani inatumia tanuri. Picha inachapwa kwa rangi za madini kwenye karatasi maalumu. Karatasi inalowekwa majini, utando wenye picha unateleza, unaubandika kwenye kikombe kilichokwisha kupata gleizi, yaani ile ngozi ya kioo juu ya udongo. Unausukuma kwa kipande cha mpira mpaka maji na hewa vitoke, maana povu moja tu likibaki huacha kovu jeupe katikati ya petali. Kisha kikombe kinarudi tanurini kwa karibu nyuzi 800 za Selsiasi. Gleizi inalainika kidogo, rangi inazama na kushikana nayo. Picha hiyo ukiipitishia ukucha utahisi ukingo mwembamba sana, lakini hutaikwangua.

Njia ya pili ni sablimesheni, hii ya mashine ndogo za mjini. Kikombe kimepakwa utando wa plastiki kiwandani. Picha inachapwa kwenye karatasi kwa wino maalumu, inazungushwa kwenye kikombe na kukandamizwa kwa joto la nyuzi 180 hadi 200 kwa dakika chache. Wino unageuka mvuke na kuingia kwenye ule utando. Rangi zinatoka kali na gharama ni ndogo, unaweza kutengeneza kikombe kimoja tu kwa mteja mmoja. Ila picha inaishi kwenye plastiki. Steelwire inaumaliza, jua la dirishani linapausha, na utando mbaya unachunika. Vyako ni hivyo.

Sisemi sablimesheni ni wizi. Wizi ni kuiuza kwa bei na jina la kazi ya tanuri. Osha kwa sponji laini, usiloweke usiku kucha, vitadumu zaidi.

Fundi_Chapa

Mkuu mimi ni mchapaji, nina mashine mbili. Nakubaliana na wewe kwa mengi, ila kwa jina la Kilatini nakataa. Mteja anataka ua. Nikimwekea maneno asiyoyaelewa anarudisha. Biashara ni mteja.

MwanaVyombo

Nimekuelewa ndugu, na sitaki ufunge biashara. Lakini jaribu kuangalia Botanic Garden: miaka zaidi ya 50 sokoni, na maandishi ya Kilatini yapo palepale. Hayajawakimbiza wateja, yamewafanya waamini kwamba ua lile ni kitu kilichopo duniani. Na wewe una nafasi ambayo Portmeirion hawana. Weka Kilatini kwa herufi ndogo za mlazo, halafu chini yake kwa Kiswahili: "Ua la Usambara, Tanga". Mteja wa Lushoto au Muheza hatakirudisha hicho.

Na kama nafasi ni finyu, andika kitakoni au kwenye kikaratasi cha boksi: jina la mmea, mchoraji, mwaka. Hapo hujapoteza hata sentimita ya ua.

Msambaa_Halisi

Wakuu, nimekulia upande wa Amani, milima ya Usambara. Ua hili naliona kwenye miamba yenye kivuli, karibu na maji, limejibana mahali ambapo udongo ni kama haupo. Majani yana manyoya laini na yamelala chini kwa duara. Watu wanapita nalo kila siku. Sikuwahi kujua kwamba yale ya vyungu ya Ulaya yenye rangi nyeupe, waridi na madoa yalitoka kwetu. Likichapwa kwenye kikombe lichapwe na mwamba wake, siyo ndani ya chungu.

MwanaVyombo

Kaka asante, huo ndio ushahidi tunaouhitaji humu. Na liongezwe hili: kwa asili mimea hii inaota Tanzania na kusini mashariki mwa Kenya tu, na baadhi ya aina zake ziko hatarini kwa sababu msitu unakatwa na kivuli kinaondoka.

Jambo moja kuhusu rangi, kwa kuwa umetaja. Zambarau ni rangi ya heshima kwenye vyombo. Tangu zamani wachoraji wa kaure walipata waridi na zambarau kutokana na dhahabu iliyoyeyushwa na kuchanganywa na bati. Bluu hutoka kwenye kobalti, nayo huvumilia moto kuliko zote, ndiyo maana vyombo vya kale vingi ni bluu na nyeupe. Nyekundu kali ndiyo korofi, joto likizidi inaungua na kugeuka au kupotea. Hivyo ua la Usambara likichomwa tanurini kwa rangi za jadi, lina dhahabu ndani yake.

Fundi_Chapa

Haya, umenishika kidogo. Sasa niambie mambo ya kazi. Picha nazipata wapi na je, sitashtakiwa?

MwanaVyombo

Picha ziko kwenye Biodiversity Heritage Library, maktaba ya mtandaoni ya vitabu vya mimea na wanyama, bure. Curtis's ya karne ya 19 ipo, Redouté yupo, Blackwell yupo. Haki za hao zimekwisha zamani, wamefariki miaka mingi kupita muda wa sheria ya Tanzania au Kenya. Ila usinakili Botanic Garden yenyewe. Ule mpangilio wa majani ukingoni na mkusanyiko wake ni mali ya kampuni. Rudi kwenye kitabu cha asili ubuni wako.

Kwa kazi: eneo la kuchapa kwenye kikombe cha kawaida cha sablimesheni ni kama sentimita 20 kwa 9. Kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji pikseli kama 2,360 kwa 1,060. Usipakue picha ndogo ya kwenye matokeo ya utafutaji, pakua ukurasa mzima kwa ukubwa wake. Karatasi ya kale ina umanjano, na ukiichapa hivyo utapata kiraka cha mstatili kwenye kikombe cheupe, kwa hiyo safisha mandhari taratibu bila kula vinyweleo vya shina na ncha za stameni. Geuza picha kama kwenye kioo kabla ya kuchapa, la sivyo jina litatoka kinyume. Na jina lisikae karibu sana na mpini, joto la mashine hapo huwa hafifu na herufi zinatoka zimefifia.

Bi_Mwana_Unguja

Assalaam aleikum. Ahsante kwa uzi wenye faida. Niongeze la kwetu. Watu wa pwani hawajaanza leo kupenda maua kwenye vyombo. Nyumba za zamani za Unguja na Lamu zina zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, na ndani yake sahani na mabakuli ya maua, ya Kichina na ya Ulaya. Bibi yangu alikuwa na mabakuli yenye maua mekundu na ya kijani yaliyopigwa kama kwa muhuri, kitakoni yameandikwa Maastricht. Hayakuwa ya kulia chakula ovyo, yalitoka kwa mgeni wa maana tu.

MwanaVyombo

Wa aleikum salaam Bi mkubwa, shikamoo. Hayo yatunzwe sana. Maastricht ni Uholanzi, Petrus Regout alianza kiwanda chake huko miaka ya 1830 na vyombo vya mji ule viliuzwa hadi kwetu. Maua yake mengi yalipigwa kwa sponji iliyokatwa umbo la petali, kazi ya haraka kwa bei ya watu wengi. Na kabla ya hapo kaure ya China ilipachikwa hata kwenye makaburi ya nguzo, Kunduchi yapo.

Kabla ya sponji na kabla ya karatasi ya kuloweka kulikuwa na kuchapa kwa bamba lililochongwa. Mwaka 1756 kule Liverpool, John Sadler na Guy Green walithibitisha kwa kiapo kwamba wamechapa vigae zaidi ya 1,200 kwa saa sita, kazi ambayo wachoraji mia wasingeimaliza kwa muda huo. Tangu hapo ua la kitabuni likaanza kushuka kutoka meza za wakubwa.

Dada_wa_Mbeya

Na usalama? Nina kikombe cha zamani cha mtumba, ukingo wa dhahabu, ndani kina nyufa nyembamba kama nywele.

MwanaVyombo

Hicho kiweke kabatini kwa kutazama. Ukingo wa dhahabu usiingie maikrowevu, utatoa cheche na kuungua. Nyufa za nywele maana yake gleizi imepasuka, chai inapenya hadi kwenye udongo na uchafu unabaki humo. Na kwa vyombo vya zamani vyenye rangi upande wa ndani, usiweke juisi ya limau, ukwaju wala kitu chochote kikali, kwa sababu rangi na gleizi za kale ziliweza kuwa na madini yenye sumu: risasi, na kwenye nyekundu na manjano kadimiamu. Picha ikiwa nje tu, mbali na mahali mdomo unapogusa, hofu inapungua sana.

Bi_Mwana_Unguja

Kwa wanaochapa, nina ombi. Tuleteeni karafuu. Karafuu ni ua, watu wanasahau. Tunaichuma ikiwa bado kichwa kimefumba, ikifunguka bei imekwenda.

MwanaVyombo

Bi mkubwa umesema neno. Ipo tayari. Kuna kitabu cha Kijerumani cha mimea ya dawa, Köhler's Medizinal-Pflanzen, kilichotoka Gera mwaka 1887. Karafuu imo, na kahawa, kungumanga na mdalasini vimo. Kwenye ukurasa wa karafuu kuna tawi lenye majani mapana yanayong'aa na vishada vya maua, na pembeni ua limepasuliwa uone ndani. Fundi_Chapa, ukiifanya hiyo acha na ule mpasuo wa pembeni, ndio unaomwonyesha mtu kwamba kile anachokitia kwenye chai kina petali ndani.

Fundi_Chapa

Nimeipata, ukurasa mzima. Jina nimeliacha, na chini nimeongeza "Karafuu, Unguja na Pemba". Sampuli sita natoa wiki hii, mbili ni za Bi mkubwa.